Watu hawasemi kikaoni? Angalia kwanza alichofanywa aliyesema mara ya mwisho

Ndugu mleta mada, umesema umepewa kuongoza kitengo, vikaoni watu wanainamisha vichwa na kujibu "hakuna tatizo, bosi", halafu mkitoka wanakufuata koridoni mmoja mmoja kukunong'oneza. Unauliza ufanyeje ili wawe huru kusema. Mimi ni muuguzi mkunga, nimeongoza wodi ya wazazi kwenye hospitali ya wilaya huku Tanzania. Jambo hili liko moyoni mwangu kwa sababu kwetu mtu akinyamaza, mama anaweza kufa.

Kuwaambia "mlango wangu uko wazi" hakutakusaidia. Kila kiongozi anasema hivyo. Watumishi wanaangalia yule aliyesema mara ya mwisho yalimkuta yapi. Nilipokabidhiwa wodi ile, aliyetoa taarifa ya kosa alikuwa anaandikiwa barua ya kujieleza, nakala inaingia kwenye faili lake. Matokeo yake daftari la matukio lilikuwa jeupe ukurasa baada ya ukurasa, kwenye wodi ambayo usiku kina mama wanalala wawili kitanda kimoja na wauguzi ni wa kuhesabu. Weupe ule ulinitisha kuliko orodha yoyote ya makosa.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Amy Edmondson, ambaye miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa kwenye hospitali za Marekani. Alitegemea timu zenye maelewano zionekane na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipofuatilia akabaini kwamba timu hizo zilikuwa zinayasema makosa yao, wakati kwingine yanafichwa. Kwa hiyo ukianza kufanikiwa, ripoti yako itaonekana imeharibika. Mkuu wako mweleze mapema, kabla ripoti ya robo mwaka haijamfikia mezani na kumshtua.

Mimi nilianza na zile barua. Nilimwomba mganga mfawidhi tukubaliane: anayejitokeza mwenyewe kusema amekosea, au kutaja kilichokaribia kuharibika, asiandikiwe barua. Anayeficha, anayeiba dawa, anayekuja zamu amelewa, huyo taratibu za nidhamu ziko palepale. Nasisitiza hili la pili kwa sababu wapo wanaodhani kuwapa watu uhuru wa kusema ni kulegeza kazi. Sisi tulipoanza kusemana wazi, kazi ilikaza, maana hakukuwa tena na pa kujificha.

Halafu nikabadilisha swali. Ukiuliza "kuna tatizo?", jibu ni "hakuna", umewafundisha wewe mwenyewe. Kwenye ripoti ya asubuhi nikawa nauliza: "Usiku wa leo ni nini kilikaribia kuharibika?" Na anayeanza kujibu ni wa chini kabisa, yaani mhudumu, kisha mwanafunzi, kisha wauguzi, daktari wa mwisho. Daktari akitangulia, waliobaki wote watakubaliana naye.

Mwanzoni palikuwa kimya kizito. Siku moja mhudumu akasema spana ya kufungulia mtungi wa oksijeni inafungiwa kabatini jioni, na mwenye ufunguo anaondoka nao nyumbani. Fikiria mtoto amezaliwa hapumui vizuri saa nane usiku! Siku hiyohiyo tuliifunga spana kwa mnyororo kwenye mtungi. Asubuhi iliyofuata, watu ambao sikuwahi kusikia sauti zao walikuwa na la kusema. Hapa ndipo viongozi wengi wanapokwama: wanasikiliza vizuri, wanaandika, wanashukuru, kisha kimya. Mtu akisema mara mbili bila kuona chochote, ya tatu hasemi.

Kuna watakaokuambia mila zetu haziruhusu mdogo kumkosoa mkubwa. Sikubaliani nao. Mila zetu zinataka mdogo aseme kwa adabu, basi mpe maneno ya adabu. Sisi tulichagua "naomba tusimame kidogo". Yeyote anaweza kumwambia yeyote, na anayeambiwa ni lazima asitishe mikono kwanza, ndipo aulize. Kuna mama alijifungua akaanza kutoka damu nyingi, muuguzi mkongwe akawa ameshavuta ergometrini, dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, kwenye sindano. Mwanafunzi aliyesimama miguuni mwa kitanda akasema, "Mama, naomba tusimame kidogo. Presha yake ya mapokezi ilikuwa juu." Ergometrini inapandisha presha, mwenye presha ya juu hapewi. Yule muuguzi mkongwe akaweka sindano kwenye trei, akatupa jicho kwenye faili, akasema, "Lete oksitosini," yaani dawa nyingine ya kuzuia damu. Asubuhi, mbele ya madaktari, alisimama mwenyewe akasimulia na kumshukuru binti kwa jina. Hakuna semina niliyowahi kuhudhuria iliyofanya kazi kama shukrani ile.

Kwa ofisi za kawaida kuna jambo la vyumba vya upasuaji mnaloweza kuliiga. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vipengele 19 vya kuhakikiwa kabla, wakati na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa kwenye hospitali za miji 8 duniani, mmojawapo Ifakara, hapahapa kwetu. Kipengele kimoja kinataka kila aliyemo ndani ajitaje jina na kazi yake kabla ngozi haijachanwa. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vya waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha nzima ndiyo iliyofanya kazi, lakini mimi kile cha kujitaja nakithamini sana: aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja chumbani, ya pili haimwii nzito. Kikaoni kwako kila mmoja aseme lolote la kazi yake kabla ya ajenda.

Na tafadhali, usimgombeze mtu kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Ujumbe mmoja wa hasira saa nne usiku, wenye alama ya mshangao, utabomoa kazi ya miezi.

Wale wanaokunong'oneza usiwafukuze, hao ndio mlango wako wa kuingilia. Mwambie, "Nashukuru, nitalileta kikaoni bila jina lako." Lishughulikie kwanza, hata kama ni dogo kama ile spana, kisha kikaoni eleza limetatuliwaje. Siku mtu atakapokupinga mbele ya wenzake, usijibu papo hapo. Andika alichosema, wote wakuone unaandika, kisha muulize, "Wewe ungefanyaje?"

Tuambie pia kama una mamlaka ya kuzuia barua za kujieleza kwenye kitengo chako. Kama huna, itabidi uanzie kwa mkuu wako, na namna ya kumwingia nitakuandikia peke yake.