Maswali na Majibu: Bili ya Mwaka Jana Haitoshi

Maswali ya safari hii yote yanahusu namna ya kukadiria matumizi ya umeme ya jengo kuukuu kabla ya kulikarabati ili litumie kidogo.

Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa sita. Mkandarasi anayetaka kutubadilishia viyoyozi anasema bili za mwaka jana ndizo ziwe kiwango cha msingi. Je, zinatosha? (Dar es Salaam)

Zinatosha kwa kuanzia mazungumzo, lakini si kwa kulipana kulingana na umeme uliookolewa. Kiwango cha msingi kinapaswa kukuonyesha jengo lingetumia kiasi gani leo kama lisingeguswa, na joto, idadi ya wapangaji na saa za kazi za mwaka huu haziwezi kuwa zilezile za mwaka jana. Kusanya usomaji wa mita wa miezi 12 mfululizo au zaidi, ili Februari ya jasho na Julai ya upepo wa kusi zote ziwemo. Ikiwa baadhi ya wapangaji wana mita za LUKU, yaani za kulipia umeme kabla ya kuutumia, usitegemee risiti zao, kwani aliyenunua uniti 2,000 mwishoni mwa Januari huenda akazitumia hadi Machi. Fundi wa jengo asome mita siku ileile kila mwezi na kuandika daftarini.

Andika pia vifaa vilivyokuwa vibovu katika kipindi hicho. Ofisi iliyovumilia joto kwa sababu viyoyozi vitatu vilikufa itaonekana kuwa na matumizi madogo, kisha vipya vikifungwa bili itapanda ingawa mitambo ni bora kuliko ya zamani. Namna ya kurekebisha hesabu katika hali kama hiyo iwekwe kwenye mkataba kabla kazi haijaanza, maana baadaye kila upande hukumbuka yanayoufaa.

Hoteli yetu hujaa na kupwaya kwa misimu. Tutautenganishaje uokoaji wa kweli na upungufu wa wageni? (Mombasa)

Kwa mlinganyo wenye sehemu tatu: matumizi ya kudumu, athari ya joto na athari ya wageni. Joto hupimwa kwa nyuzi-siku: ukichagua nyuzi 21 kuwa kianzio, siku yenye wastani wa nyuzi 28 inahesabiwa nyuzi-siku 7, na mwezi wa siku 30 za namna hiyo ni 210. Wageni hupimwa kwa vyumba vilivyolaliwa kila usiku.

Tuseme, kwa mfano tu, takwimu zenu za kabla ya ukarabati zimetoa uniti 30,000 za kudumu kwa mwezi, uniti 100 kwa kila nyuzi-siku na uniti 9 kwa kila chumba kilicholaliwa usiku mmoja. Mwezi wenye nyuzi-siku 210 na malazi 2,400 ungetumia uniti 72,600. Mita ikisoma 60,000 baada ya ukarabati, mmeokoa 12,600. Lakini kama mwezi kama huo mwaka uliotangulia ulikuwa na nyuzi-siku 200 na malazi 1,500, mlitumia takriban 63,500, na mhasibu anayelinganisha bili kwa bili ataona mmeokoa 3,500 tu. Atamlaumu fundi bure.

Modeli yetu, yaani mlinganyo wa namna hiyo, ina R² ndogo (kipimo cha kadiri mlinganyo unavyoeleza mabadiliko ya matumizi). Tuitupe? (Tanga)

Msiitupe kwa sababu hiyo pekee. Pwani yetu joto halibadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi, hivyo R² huweza kuwa dhaifu hata pale ambapo makadirio yako karibu na mita. Tazameni ukubwa wa makosa: Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha wahandisi chenye makao Marekani, kwa modeli ya kompyuta inayolinganishwa na takwimu za kila mwezi, huruhusu makadirio kutawanyika kuzunguka usomaji wa mita hadi asilimia 15 na kuegemea upande mmoja hadi asilimia 5.

Je, ni lazima kuiga jengo zima kwenye kompyuta? (Nairobi)

Mkibadilisha taa peke yake, hapana. Kazi hiyo hulipa pale mabadiliko yanapogusana. Katika ukarabati wa Empire State Building mjini New York, uliotangazwa mwaka 2009, modeli ya kompyuta ilisaidia kuchuja mawazo zaidi ya 60 hadi kubaki miradi minane. Madirisha 6,514 yaliboreshwa mle mle jengoni, mzigo wa ubaridi ukapungua, na mitambo ya kupooza maji ikakarabatiwa badala ya kupanuliwa. Bili pekee zisingeonyesha uhusiano huo. Hata hivyo, modeli ya namna hiyo nayo hurekebishwa kwanza hadi ilingane na mita. Isiyorekebishwa ni mchoro mzuri tu.

Umeme hukatika mara kwa mara. Tuhesabu vipi? (Mwanza)

Jumlisheni umeme wa jenereta, la sivyo mwezi wa giza utaonekana mwezi wa kubana matumizi. Kama jenereta haina mita yake, lita moja ya dizeli hutoa takriban uniti 3, pungufu zaidi jenereta kubwa ikiendeshwa kwa mzigo mdogo. Daftari la dizeli lianze sasa, hata kama ukarabati wenyewe ni wa mwakani.