Msiishie kwenye "Uhuru Una Mipaka"

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nimemaliza kusahihisha insha zenu za semina, na kama ilivyokuwa kwa waliowatangulia, karibu kila moja inahitimishwa kwa sentensi ile ile: "Uhuru una mipaka." Nawapenda, na ndiyo maana siwezi kulinyamazia.

1. Mipaka bila anayeiweka si hoja. Hobbes, mwanafalsafa wa siasa wa Kiingereza, anakubali mipaka; mwenzake Locke naye anaikubali. Wanaachana pale inapoulizwa ni nani anaiweka na ni nani atamzuia huyo. Kwa Locke, mtu huru si yule asiye na sheria juu yake, bali ni yule asiyetawaliwa na utashi wa kiholela wa mwenzake, na kero kubwa ya hali ya asili, yaani maisha yasiyo na serikali, ni kila mtu kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe. Haya mmeyakariri vizuri, kisha mkifika kwenye Katiba yetu mnayasahau.

Lisomeni basi shauri la Kukutia Ole Pumbun, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1993. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kilimtaka mwananchi apate ridhaa ya Serikali kabla ya kuishtaki. Hebu mtazameni mdai huyo: madai yake yako tayari, lakini ufunguo wa mlango wa mahakama anao yule yule anayedaiwa. Mahakama haikukana kwamba haki zina mipaka. Ilisema kwamba sheria inayobana haki kwa maslahi ya umma lazima iwe na kinga ya kutosha dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane kupita kiasi kinachohitajika kufikia lengo lake halali. Kifungu kile hakikufikia vigezo hivyo, kikaanguka. Insha zenu zinaishia pale ambapo majaji walianzia.

2. Someni matini yenyewe kabla ya muhtasari wa kupiga kopi.

3. Angalieni tarehe. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba ya 1977 mwaka 1984, lakini mahakama hazikuruhusiwa kubatilisha sheria yoyote iliyokuwapo kwa msingi wa haki hizo hadi Machi 1988. Anayetaka kuniandikia kwamba jamii inakuwa huru mara tu haki zinapoandikwa, anieleze kwanza mwananchi aliyebanwa na sheria kandamizi mwaka 1986 angekimbilia wapi.