Jibu: Jeshi kwanza au shahada kwanza?

Mkuu, umeuliza kama uingie jeshini mara tu umalizapo sekondari kisha usomee uhandisi wa anga ukishatoka, au utangulize shahada. Kama ada si kikwazo, mimi ningetanguliza shahada.

Anayeingia na cheti cha sekondari kwa kawaida hupelekwa upande wa ufundi: kubadilisha matairi ya ndege, kumulika bawa kwa tochi akitafuta nyufa, kujaza fomu za matengenezo. Si kazi ya kudharau hata kidogo. Mhandisi aliyewahi kushika spana hachori boliti mahali ambapo mkono haufiki! Shida ni hesabu. Ukikaa miaka kadhaa bila kuzigusa, somo la aerodainamiki, yaani jinsi hewa inavyopita kwenye ndege, litakutoa jasho. Ukiamua kwenda, beba kitabu cha hesabu.

Njia ya katikati nayo ipo. Neil Armstrong alianza masomo Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1947 kwa ufadhili wa jeshi la majini la Marekani, akaitwa kazini 1949, akarusha ndege kwenye vita vya Korea, akarudi chuoni na kuhitimu 1955. Uzamili aliupata 1970, ameshakwenda mwezini na kurudi.

Ila ufadhili hulipwa kwa miaka ya utumishi. Kabla ya kusaini, uliza miaka hiyo inaanza kuhesabiwa lini, na kama kitengo cha uhandisi kimeandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Ahadi ya mdomo ya afisa anayeandikisha usiitegemee.