Raspberry Pi inazima diski ikianza kazi: ni bodi au ni umeme?

Swali

Habari mtaalamu. Nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) niliyoifanya hifadhi ya mafaili, na diski ngumu ya inchi 2.5 imechomekwa kwenye tundu la USB la Pi yenyewe. Isipokuwa na kazi inakaa siku nzima bila shida. Nikianza kunakili mafaili makubwa, diski inalia tik-tik na kupotea, na mara nyingine Pi yote inazima na kuwaka upya. Nimeshabadilisha chaja, ya sasa ni ya simu, wati 18. Nimepima ncha ya kebo kwa multimita nikapata volti 5.1. Kwenye skrini huwa inatokea alama ya radi, ila nimesoma kuwa inaweza kuzimwa. Je, bodi imekufa?

Jibu

Kwa dalili hizi sina sababu ya kuishuku bodi. Ninayemshuku ni kebo ya chaja, na kipimo chako cha volti 5.1 hakimtoi hatiani.

Ulipopima, kebo haikuwa na mzigo. Volteji hupotea ndani ya waya pale tu mkondo unapopita: zidisha mkondo kwa ukinzani wa waya, jibu ndilo unalopoteza. Mkondo ukiwa sifuri hupotezi kitu, hata kama waya ni mwembamba kama uzi. Sasa ipe kebo hiyo kazi. Kebo nyingi za bei nafuu zina nyaya za saizi 28 AWG (kipimo cha unene wa waya), ambazo ukinzani wake ni kama omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja ni mita mbili za waya, yaani omu 0.43 hivi. Pi ikiwa imetulia inavuta labda ampea 0.6, unapoteza volti 0.26, bodi inabaki na 4.84 na kila kitu kinakwenda. Diski ikianza kuzunguka na prosesa nayo ikichapa kazi, mnafika ampea 2 kwa pamoja. Hapo zinapotea volti 0.85 na bodi inabakiwa na 4.25. Ndiyo maana unaona shida wakati wa kunakili tu.

Pi ina kilinzi chake cha ndani kinachoamka volteji ikishuka chini ya takriban 4.63. Kikiamka, alama ya radi inatokea na kasi ya prosesa inapunguzwa. Hiyo alama unaweza kweli kuizima kwa kuandika `avoid_warnings=1` kwenye faili la mipangilio, `config.txt`, lakini ni sawa na kuvunja kipimajoto ili homa ishuke. Iache.

Kabla hujanunua chochote, iulize bodi yenyewe. Fungua terminali, andika `vcgencmd get_throttled`, kisha nakili faili kubwa na uandike tena wakati kunakili kunaendelea. Ukipata `0x0`, hakuna kilichotokea tangu Pi iwashwe. `0x50005` maana yake volteji iko chini sasa hivi na kasi imepunguzwa. `0x50000` inasema hayo yalitokea lakini yamepita. Kumbukumbu hiyo hufutika Pi ikizimwa na kuwashwa, kwa hiyo usiisome baada ya kuwaka upya ukadhani uko salama. Ukitaka kujua ilitokea saa ngapi, `dmesg -T | grep -i voltage` itakuonyesha kila tukio tangu mfumo uwake.

Namba hizo zina siri moja inayookoa muda. Tarakimu ya mwisho inahusu sasa, na ya tano kutoka kulia inahusu yaliyopita. Kila moja ni jumla: 1 ni volteji pungufu, 2 ni kasi iliyowekewa kikomo, 4 ni kasi iliyopunguzwa, 8 ni joto lililofika kikomo cha awali. Kama 1 haimo ndani ya jumla, kwa mfano ukiona `0xe0000` (herufi e ni 14, yaani 2 + 4 + 8), hapo tatizo ni joto, na kebo mpya haitakusaidia kitu. Tafuta feni au kipoza joto. Watu wengi hununua chaja tatu kwa shida iliyohitaji feni.

Kama bado unataka kupima kwa multimita, pima kwenye bodi na mzigo ukiwepo. Mstari wa volti 5 unapatikana kwenye pini namba 2 na 4 za safu ya pini 40. Tahadhari: pini 2 inapakana na pini 1 ya volti 3.3, na ncha ya multimita ikiteleza ikaziunganisha, hapo ndipo bodi itakufa kweli. Mimi huzima Pi kwanza, navisha waya wa jampa wenye kichwa cha kike kwenye pini 4, kisha ncha nyekundu naishika kwenye mwisho wa waya huo, mbali na pini nyingine. Ncha nyeusi inagusa chuma cha nje cha tundu la USB, ambacho ni hasi. Washa, nakili, angalia. Ikisoma 4.9 na zaidi, vizuri. Ikisoma 4.7 lakini `get_throttled` inalalamika, iamini bodi: multimita inaonyesha wastani, na mshuko wa kufumba na kufumbua haiuoni.

Kuhusu chaja yako ya wati 18, usiusome mstari wa wati. Chaja za kasi za simu hupata wati hizo kwa kupandisha volteji, kwa mfano volti 9 kwa ampea 2. Pi 4 haiombi volti 9. Inabaki kwenye 5. Soma maandishi madogo uone kwenye volti 5 inatoa ampea ngapi. Nyingine zinatoa 3, nyingine 2 tu. Chaja rasmi ya Pi 4 inatoa volti 5.1 kwa ampea 3 na kebo yake haichomoki, kwa hiyo huwezi kuibadilishia kebo mbovu. Kwa maoni yangu huo ndio ubora wake mkubwa.

Ukiamua kubadilisha kebo peke yake, chukua fupi na nene. Saizi ya waya mara nyingi imechapwa kwenye ganda, na namba ikipungua waya unanenepa. Kebo ya 20 AWG ya mita moja kwenye ampea 2 inapoteza volti 0.13 tu. Lakini kama Pi yako ni ya toleo la kwanza kabisa la mwaka 2019, kebo nene za kompyuta mpakato zenye chipu ndani yake zinaweza kukataa kabisa kuiwasha, kwa sababu ya kosa la usanifu kwenye tundu la USB-C lililorekebishwa katika bodi zilizofuata. Hiyo si dalili ya kufa. Rudisha kebo ya kawaida.

Hata ukirekebisha kebo, diski yako bado ina mpaka mwingine. Matundu manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2 kwa jumla, na diski ya inchi 2.5 inaweza kukaribia ampea 1 inapoanza kuzunguka. Ongeza kibodi na flashi, umefika ukutani. Ningekushauri diski uipeleke kwenye habu ya USB (kifaa cha kuongeza matundu) yenye umeme wake. Chagua isiyorudisha umeme kwenye Pi: zima Pi, chomoa chaja yake, acha habu ikiwa imewashwa. Taa nyekundu ya Pi ikibaki inawaka, hiyo habu irudishe dukani.

Wenye Pi 5 wajue kwamba kwao mpaka huu ni mkali zaidi. Ikipewa chaja ya ampea 3, inayabana matundu ya USB hadi miliampea 600. Ikipata ya ampea 5, inaruhusu ampea 1.6.

Kama baada ya yote `get_throttled` inasoma `0x0` na diski bado inapotea, achana na umeme. Badilisha kebo ya diski, na kama diski iko ndani ya kasha la USB, jaribu kasha jingine. Chipu za baadhi ya makasha hazielewani vizuri na Linux.

Mwisho, diski hiyo imekatwa mara nyingi ikiwa katikati ya kuandika. Chukua nakala ya mafaili ya muhimu kwanza, kisha ichomoe kwenye mfumo kwa `umount` na uikague kwa `fsck -f` ikiwa ni ext4 (muundo wa diski wa Linux). Fanya hivyo ukiwa tayari na umeme mzuri, maana ukaguzi wenyewe ukikatika katikati unaweza kuharibu zaidi ya ulivyokuta. Kadi ya kumbukumbu nayo ikaguliwe kwa njia hiyo hiyo, ila kwenye kompyuta nyingine.