Taa ya upepo haizimi? Anza na geji

Dada wa Chumbageni, unasema taa ya upepo wa tairi kwenye dashibodi ya gari inawaka ingawa fundi pancha amejaza tairi zote. Pima mwenyewe kwa geji ya upepo asubuhi zikiwa baridi, ulinganishe na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usisahau tairi ya spea, magari mengine yana sensa (kifaa cha kupima upepo ndani ya tairi) humo pia.

Ukiwasha gari, taa ikiwaka na kuzima kwa dakika moja hivi kisha ibaki imewaka, mfumo wenyewe wa kupima upepo una hitilafu. Mara nyingi ni betri ya sensa: hudumu miaka 5 hadi 10, nayo imefungiwa ndani, hivyo hubadilishwa sensa nzima. Chumvi ya bahari hapa Tanga nayo hula valvu za aluminiamu. Ukinunua sensa, ulizia masafa ya mawimbi yake ya redio, 315 au 433 MHz. Yasipolingana na ya gari, gari haliisomi sensa. Usikubali kabisa taa izibwe kwa utepe.