Re: Binti kafuzu taifa jimnastiki, niende naye au nimuache na kocha?

Dada hongera sana, na huyo mtoto mpe hongera zake. Nimesoma maelezo yako yote, kwamba binti wa miaka 13 kafuzu mashindano ya taifa leveli ya 10, baba yake anaona hela ni nyingi bora aende na kocha tu, na wewe mwenyewe unaogopa ukiwepo utamtia presha. Mie niko Ohio, huku Marekani, na binti yangu kapita njia hiyohiyo. Jibu langu ni nenda. Kama ni kubana matumizi baneni kwingine, hapo nenda.

Kwanza baba yake aelewe mtoto kafika wapi, manake wengi wetu tuliokulia kwetu jimnastiki tulikuwa tunaiona kwenye tv wakati wa Olimpiki basi. Leveli ya 10 ndo ya juu kabisa kwenye ule mfumo wa klabu za kawaida, juu yake ni eliti, wale tunaowaona na timu ya taifa. Nchi imegawanywa kanda 8, sie Ohio tuko kanda ya 5 na Michigan, Indiana, Illinois na Kentucky. Mtoto anashindana jimbo, akifaulu anaenda kanda mwezi wa nne, na hapo wanachukuliwa wachache tu wa juu kwenye kila kundi la umri ndo wanaenda taifa mwezi wa tano. Akifika kule havai tena nguo ya klabu yake, anavaa ya kanda, yuko timu moja na mabinti ambao wiki chache nyuma alikuwa anapambana nao. Mume wangu aliposikia hiyo habari ya nguo ya kanda ndo akanyamaza akaanza kutafuta tiketi za ndege.

Kuhusu hela, uliza klabu mapema na wakupe kwa maandishi, nauli na hoteli ya makocha inalipwa na nani, manake klabu nyingi wanawagawia wazazi wa watoto waliofuzu, na wakiwa watoto wawili tu mzigo unakuwa mzito kweli. Jua pia mzazi unalipa kiingilio, tena mara nyingi kwa kila siku. Hoteli tafuta chumba chenye friji na maikrowevu. Mie nabeba kabisa jiko la umeme la wali, kuku napika nyumbani nagandisha, na chapati nazikunja kwenye foili. Siku ya mashindano si siku ya kumjaribishia mtoto chakula kigeni, tumbo lenyewe tayari limejaa wasiwasi.

Sasa nywele, hili wenzetu wazungu hawatakwambia. Sheria inataka nywele zisimwangukie usoni, na makocha wengi wanataka kifundo kimoja nyuma. Kwa nywele za watoto wetu hiyo si kazi ya asubuhi ya mashindano. Suka siku moja au mbili kabla, mabutu madogo yanayorudi nyuma yaishie kwenye kifundo, na kifundo kiwe chini kidogo sio utosini, kwa sababu anabiringika kichwa na shingo vinagusa zulia. Usimkaze sana! Nimeona mtoto wa mwenzetu mmoja anapasha misuli huku anashika kichwa kwa maumivu. Asubuhi unapaka jeli pembeni tu, pini mbili tatu, umemaliza, na ile nusu saa mnakaa mnapiga stori. Kwangu mie hiyo nusu saa ndo muhimu kuliko vyote, binti yangu kichwa kiko mapajani kwangu anaongea mambo ya shule, jimnastiki haitaji kabisa.

Uligusia pia mavazi, kwamba bibi yake anasononeka mtoto kuvaa leotadi, ile nguo ya kubana ya jimnastiki, mapaja wazi. Mwambie bibi kuna nguo rasmi ya mwili mzima inayofika kwenye kifundo cha mguu, mabinti wa Ujerumani waliivaa mashindano ya Ulaya 2021 kule Basel na tena Olimpiki ya Tokyo mwaka huohuo. Ila kwa vile pale anavaa sare ya kanda, kocha wako aongee na viongozi wa kanda wiki kadhaa kabla, msisubiri mfike.

Ukumbini utashangaa, vifaa vyote vinne vinaenda kwa pamoja. Kundi hili liko kwenye meza ya kurukia, lile kwenye vyuma vya kuning'inia, lingine boriti, ule mti mwembamba wa kutembea juu yake, lingine zulia, halafu wanazunguka. Ujue wa kwako anaanzia wapi ndo ukakae upande huo. Usipige picha kwa flashi hata kidogo, mtoto yuko juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10, mita moja na robo kutoka chini, mwanga ukimpiga machoni ni hatari. Wazazi hatushuki chini, na maksi zikikuuma huwezi kwenda kwa jaji, kocha peke yake ndo anaweza kuomba ziangaliwe upya.

Na hizo maksi uzielewe kidogo usije ukaumia bure. Leveli ya 10 routini inaanzia 9.5, inapanda mpaka 10 kwa bonasi za vitu vigumu anavyounganisha. Kuanguka ni nusu maksi nzima, na bado wanakata mguu uliopinda, hatua wakati wa kutua, kidole ambacho hakikunyooka. Kwa hiyo 9.2 ya taifa ni kazi kubwa sana, ndugu wa kwenye grupu la whatsapp wakiuliza mbona sio 10 usiwajibu siku hiyo.

Umeuliza akianguka umwambie nini. Wa kwangu alianguka kwenye boriti, ile anajipindua kinyumenyume mara mbili mfululizo mguu ukakosa. Akasimama chini, akapaka chaki mikononi taratibu, akapanda, akamaliza vizuri mpaka mwisho. Akamnyooshea jaji mkono, ndo salamu ya kumaliza, akamkumbatia kocha wake, halafu akainua uso moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu, mapoda ya chaki mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimesimama napiga makofi. Kocha ana watoto wengine wa kuwaangalia, na ule mguu kwa nini ulikosa yeye ndo anajua watakwenda kuurekebisha vipi jimu. Mie kwenye gari sikuuliza kitu, nilimwambia nimependa alivyopanda tena, akasema ana njaa, tukatafuta chipsi. Ya boriti alianza kuyasimulia mwenyewe usiku, nikasikiliza.

Kitu kimoja tu msikilize palepale bila kusubiri usiku, akikwambia anapotea hewani, hajui yuko juu au chini. Ndo kilichomkuta Simone Biles, yule mwanajimnastiki wa Marekani, Olimpiki ya Tokyo 2021 akajitoa fainali ya timu, na bingwa yule alikuwa na miaka 24. Mtoto wa 13 akisema hivyo muamini, mpigie kocha hapohapo, hata kama hela zote mmeshalipa.

Na hii sasa mpe baba yake asome mwenyewe. Aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, alihukumiwa Michigan mwaka 2018 kwa kuwadhalilisha mabinti kingono, wanawake na mabinti zaidi ya 150 wakasimama mahakamani kueleza alichowafanyia, na wengine aliwafanyia mzazi akiwa chumba hichohicho. Siku hizi kuna sheria: mtu mzima haruhusiwi kukaa na mtoto faragha wasipoonekana, kocha halali chumba kimoja na mtoto, na akimtumia meseji mtu mzima mwingine awe anaiona. Simtuhumu kocha wenu. Ila mtoto anakwenda jimbo lingine analala hotelini, na hizo sheria zinafanya kazi vizuri kukiwa na mzazi anayezijua na yuko karibu.

Mzee akibaki na wadogo, muulizie kama wanarusha laivu mtandaoni, mara nyingi wanarusha kwa kulipia. Ratiba ikitoka angalia kundi lake la umri linapasha misuli saa ngapi, akianza saa 2 asubuhi itabidi mfike mchana wa siku moja kabla, hapo ndo ukate tiketi ya ndege. Kama mnapitia kanda ya 5 niambie kundi lake, nitakwambia sie tunakaa upande gani.