Nyoka wa mgongoni, chi ya Wachina na zikri: je, ni kitu kimoja?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwaka jana nilimzika mwanangu wa miezi saba, na tangu hapo usingizi ukanikimbia. Mwenzangu wa kazini akanipeleka kwa mwalimu wa kutafakari. Kwa wiki sita nimekuwa nikifanya alfajiri na jioni: kupumua harakaharaka kwa pua, kubana chini na tumbo huku nimezuia pumzi, na kurudia maneno "Ong Namo Guru Dev Namo", halafu kulala chali dakika kumi. Usingizi ulirudi kiasi. Lakini sasa moto unanipanda mgongoni, vidole vinakufa ganzi, na hata nikiwa kwenye rakaa mwili unatetemeka. Mwalimu anasema kundalini imeamka, nisiache. Anasema ndiyo chi ya Wachina, na ndiyo wanayoipata watu wa twarika kwenye zikri, majina tu yanatofautiana. Mama mkwe anasema ni jini na anataka nipelekwe kwa mganga. Je, nimeshirikisha? Swala zangu zipo? Na mkeka niliokuwa nakalia, naweza kuuswalia?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Mwenyezi Mungu akuliwaze, na amjaalie mwanao awe kitangulizi chako na akiba yako kwake.

Nianze na lile linalokunyima raha. Hujatoka katika Uislamu. Ulitamka maneno ambayo hukuijua maana yake, ukiwa umezidiwa na msiba, na asiyejua hahukumiwi kama ajuaye. Swala zako zipo, usizirudie. Kutetemeka hakutengui udhu wala hakubatilishi swala. Ila kuanzia leo yale maneno yaache kabisa, na ule upumuaji wa haraka uache pamoja nayo. Sababu za kuacha ni mbili na kila moja ina njia yake, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa urefu, maana kauli ya mwalimu wako nimeanza kuisikia kwa vijana wengi wa mji huu.

Anasema nguvu ni moja, majina tofauti. Kauli hii inavutia kwa sababu inamwondolea mtu kazi ya kuuliza. Lakini ukiyatazama mafundisho ya wenye mambo yao, hayasemi kitu kimoja. Kwa wafuasi wa tantra, njia ya siri ya ibada huko India, kundalini si "nishati" tu. Ni Shakti, mungu wa kike, anayeelezwa kama nyoka aliyejiviringisha mizunguko mitatu na nusu chini ya uti wa mgongo. Kupumua, kubana na kutamka ni kazi ya kumwamsha apande njia ya katikati waiitayo sushumna, apite vituo sita wanavyoviita chakra, afike utosini aungane na Shiva, mungu wa kiume. Kila kituo kina sauti yake: lam chini kabisa, kisha vam, ram, yam kifuani, ham kooni, om katikati ya nyusi. Na kila kituo kina mungu wake. Ukiwaondoa miungu hao, mhenga wa tantra atakwambia umebakiwa na ganda.

Njoo kwa Wachina. Katika chigongi, mazoezi yao ya pumzi na miendo ya kuiongoza chi, yaani nguvu ya uhai, mtu huweka fikra chini ya kitovu, kama vidole vitatu au vinne, mahali waitapo dantiani. Pumzi ni laini na ya taratibu. Wanaoendelea zaidi huizungusha: inapanda mgongoni hadi utosini, inashuka kwa mbele mpaka tumboni, ncha ya ulimi ikigusa kaakaa ili njia mbili zikutane. Hapo hakuna nyoka wala ndoa ya miungu utosini, na wenyewe wanaonya kwamba chi isiachwe kichwani, irudishwe tumboni. Mmoja anakusudia muungano wa utosini, mwingine anazungusha airudishe tumboni. Vipi viwe kitu kimoja? Watibeti nao wana tummo, moto wa ndani: huvuta pumzi na kuishikilia tumboni kama iliyofungiwa kwenye chungu, huku wakipiga picha akilini ya moto chini ya kitovu, na ndani ya miili iliyogeuzwa kwa fikra kuwa ya miungu yao.

Kwamba joto hilo lipo, sikatai. Mwaka 1982 daktari wa Marekani, Herbert Benson, alichapisha vipimo vya watawa wa tummo, na joto la vidole vya mikono na miguu liliongezeka kwa hadi nyuzi 8.3 za Selsiasi. Lakini joto la vidole si shahidi wa itikadi. Chuma kikipigwa nyundo nacho hupata moto, na hakuna aliyekisilimisha wala kukikufurisha.

Kisha anaiingiza zikri. Hapa ndipo ninapomkatalia kwa nguvu zote. Ni kweli wako watu wa twarika, hasa Naqshbandi, wanaozungumzia latwaifu, mahali pa moyo na roho kifuani. Ule wa moyo wanauweka vidole viwili chini ya titi la kushoto. Ni kweli pia kwamba zikri yenye pumzi nzito, ile tunayoiita ya kukohoa, imetugombanisha Waislamu wa Afrika Mashariki muda mrefu, na mimi si katika wanaoifanya. Lakini hata yule anayeifanya, muulize anamtaja nani. Atakwambia Allah, Muumba wake, ambaye yeye ni mja wake. Hakuna sheikh wa twarika aliyewahi kufundisha kwamba Mola amelala kwenye kifandugu cha mtu akisubiri kuamshwa kwa pumzi. Zikri ni kumkumbuka Asiyekuwa wewe. Anayezilinganisha kwa sababu kote kuna pumzi na kutikisika ni kama anayesema rukuu na kuinama kuokota sufuria ni kitu kimoja kwa kuwa mgongo umepinda.

Na yatazame yale maneno. Yanafunguliwa nayo madarasa ya mkondo wa yoga ya kundalini ulioanzishwa Marekani na mwalimu aitwaye Yogi Bhajan mwishoni mwa miaka ya 1960. "Namo" maana yake nainamia. Wenyewe wanayafasiri hivi: naiinamia hekima iumbayo, namwinamia mwalimu wa kimungu aliye ndani yangu. Wewe ambaye unasema "Wewe tu tunakuabudu" mara kumi na saba kwa siku katika faradhi peke yake, ulikuwa ukiamka alfajiri hiyohiyo kusema unamwinamia mwingine. Mwalimu aliyekupa maneno hayo bila tafsiri amekukosea amana, hata kama nia yake ilikuwa kukusaidia. Usitamke duani neno usilolijua maana, ila lile lililothibiti katika dini yako.

Sasa mwili. Ukipumua haraka sana unatoa kaboni dayoksaidi kuliko mwili unavyoizalisha. Damu inapungua uchachu, mishipa ya ubongo inabana, na matokeo yake ni ganzi vidoleni kama uliyoiandika, na wakati mwingine ganzi midomoni, kizunguzungu, mikono kukakamaa. Haihitaji nyoka wala jini. Kubana chini na tumbo mara mbili kwa siku kwa wiki sita, juu ya mwili usiolala, huichosha misuli ya nyonga na mgongo, nao hutetemeka hata umesimama kwenye rakaa. Pengine tena ulikuwa ukifanya bila kula, na kwa hali ya hewa yetu kavu, bila maji ya kutosha. Mjamzito, mwenye kifafa, mwenye presha ya kupanda au ugonjwa wa moyo, na aliyewahi kuugua akili, upumuaji huo asiuguse kabisa.

"Nisiache," ndivyo ulivyoambiwa. Neno hilo ndilo lililonifanya nikujibu haraka. Hata wenye fani wameonya kinyume chake. Gopi Krishna wa Kashmir alitafakari miaka kumi na saba, na mwaka 1937 likamtokea hilo wanaloliita kuamka; akaeleza mwenyewe jinsi alivyoungua ndani, akakosa usingizi na kukaribia wazimu, hali iliyomtesa miaka. Wachina wana msemo maalumu kwa aliyezidisha: moto umepotea njia na mashetani wameingia. Kitabu cha uainishaji wa maradhi ya akili cha Marekani cha mwaka 1994 kilitaja machafuko ya akili yatokanayo na chigongi. Na walimu wengi wa fani hizo, mwanafunzi akifikia ulipofika wewe, humwachisha mazoezi, humlisha chakula kizito na kumpa kazi za mikono. Mwalimu wako hakukupa hata hicho cha kwao.

Sisemi kila pumzi ni haramu, kama wanavyopaza wengine kwenye vipaza sauti. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilikataza yoga inayochanganya mwendo, ibada na maneno ya kutamkwa. Maulamaa wa Indonesia mwaka 2009 walikataza yenye mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa, na ibada, wakaacha iliyo mazoezi tu. Naelemea kwa Indonesia. Asili ya mambo ya kidunia ni uhalali, na mapafu si mali ya Wahindi. Kwa hiyo kunyoosha viungo, na miendo ya polepole ya chigongi bila itikadi yake, hakuna ubaya. Kundalini kwa jina lake na vituo vyake, hapana. Tummo hapana. Reiki, ile tiba ya Kijapani ya kuwekea mikono, nayo hapana, maana ina alama za siri na mwalimu anayedai kukufungulia nguvu.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili msikitini. Akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka kuswali huishikilia. Akasema ifungueni, mmoja wenu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Ikiwa swala yenyewe haikuruhusiwa kuuvunja mwili, sembuse hili!

Fanya hivi. Kwa mwezi mzima usizuie pumzi wala usibane. Usiku kaa kitako, vuta kwa pua ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, dakika tano tu. Itakuwa kama pumzi sita kwa dakika. Ukiona kizunguzungu, acha upumue kawaida. Halafu Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, kama Mtume alivyomfundisha binti yake Fatima alipolalamikia uchovu wa kazi. Kula ushibe, ugali wa uwele na mlenda utakufaa kuliko kushinda na chai. Zile dakika kumi za kulala chali zibaki, nadhani ndizo zilizokurudishia usingizi.

Kwa mganga usiende, na mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba nimekukataza mimi. Mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arubaini. Ayatul Kursi na sura tatu za mwisho jisomee mwenyewe, bila ada ya mtu. Lakini ganzi na moto vikiendelea wiki mbili, au ukipitisha usiku tatu bila usingizi, au ukasikia sauti, nenda Mirembe, hospitali ya maradhi ya akili, ukamwone daktari. Najua hapa Dodoma jina hilo linavyotamkwa. Ni hospitali, na Mtume ametuamrisha tutafute tiba.

Tena huyo mtoto mtajeni nyumbani. Katika barua yako yote hukuandika jina lake. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Mwite mumeo, kaeni, mlieni pamoja. Nahofia ulipelekwa kwenye kupumua kabla hujapewa nafasi ya kulia.

Mkeka ni twahara. Uswalie.

Wallahu a'lam.